Miguu Juu ya Chuma cha Breki

Wajukuu wangu hunicheka nikikataa kupanda pikipiki. Wanasema bibi anaogopa kuanguka. Wacha wacheke, meno ni yao. Mimi naogopa harufu ya breki inayoungua. Hata leo ikinipita barabarani nasimama nisijue nilikuwa nakwenda wapi.

Zama za Mwingereza tulikuwa tunakaa Kiswere, na mume wangu alikuwa akinunua mbata, nazi zilizokaushwa, kwa niaba ya tajiri mmoja wa Lindi. Tajiri alimpa pikipiki ya kuzungukia vijijini. Ilikuwa kuukuu, kila asubuhi inakohoa kama mzee wa tumbaku, lakini pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliisifia utadhani kaizaa yeye. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ndio kwanza anajifunza kukimbia, bado ananyonya.

Alianza na homa. Tukasema homa ya kawaida, itapita. Kesho yake shingo ikavimba, sauti ikamkauka, na kila akivuta pumzi kifua kinaingia ndani na koo linalia kama msumeno kwenye ubao mbichi. Mganga wa zahanati alimfunua kinywa, akammulika kwa tochi, akakifunga tena taratibu. Akatuambia koo linaziba.

"Lindi, leo hii. Msingoje lori."

"Tukingoja mpaka kesho?" mume wangu akauliza.

Mganga akaizima tochi. Akaenda kunawa mikono.

Aliyenipandisha pikipiki ni mavyaa. Kwetu mwanamke hapanui miguu mbele za watu, hata awe anakimbizwa. Nikakalishwa ubavu kwenye keria, juu ya mto uliofungwa kwa kamba, magoti yamebanana, miguu yote miwili upande mmoja. Upande wa kulia palikuwa na bomba la moshi, linababua, kwa hiyo nikaelekezwa kushoto. "Tulia hapo hapo mwanangu, ujisitiri," mavyaa akaniambia, akanichomekea kanga vizuri miguuni. Miguu ilikuwa inaning'inia. Nikatafuta pa kuiegemeza, nikapata chuma chembamba kirefu kilichotoka mbele kwenda gurudumu la nyuma, nikakanyaga hapo. Majirani tele walikuwa wamesimama wananitazama, na kila mmoja aliona nimekaa kama mke wa watu anavyotakiwa kukaa.

Tukaondoka. Njia ilikuwa mchanga hapa, mawe pale, makorongo mbele yake. Binti nimempakata, mkono mmoja nimemzungushia yeye, mwingine nimeshika shati la baba yake. Injini ilipiga kelele hata nikawa simsikii mtoto anavyopumua, na hilo lilinitisha kuliko kitu chochote. Nikawa namwekea kidole chini ya pua, nasubiri joto. Likija, na mimi napumua. Pikipiki ikiruka najikaza kwa nguvu zangu zote, nakandamiza kile chuma nisiteleze na mtoto. Nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kukanyaga.

Tulipokwisha kuvuka mito mikavu na kuingia porini, pikipiki ikaanza kuwa nzito. Injini inalia, mwendo hakuna. Halafu ikaja ile harufu. Nilidhani kanga yangu imeshika moto.

"Shuka! Shuka upesi!" mume wangu akapiga kelele.

Moshi ulikuwa unatoka katikati ya gurudumu la nyuma, kwenye lile bakuli la chuma ambamo breki hukaa. Akaligusa, akaruka na kidole mdomoni. Kando yake, shibiri moja tu, tulikuwa tumefunga kidumu cha petroli. Tulitazamana. Alikifungua kamba, akakipeleka mbali kwenye majani, kisha akakumbuka majani yenyewe ni makavu, akakihamishia mchangani.

Kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, nikamsikia binti yangu. Heri nisingemsikia. Kila pumzi ilikuja kwa kugombana, na baina ya moja na nyingine palikuwa na kimya ambacho sikukijua asubuhi.

Mume wangu akaisimamisha pikipiki kwenye stendi yake, akalizungusha gurudumu. Likazunguka vizuri, jepesi. "Breki imekazwa mno," akasema, akatoa spana, akalegeza. Tukangoja chuma kipoe. Hakutaka kumwagia maji, alisema kitapasuka, na sisi maji yenyewe yalikuwa ya mtoto. Akatemea mate, yakachemka. Akangoja, akatema tena. Mimi nazunguka na mtoto begani namwambia, "Bado? Bwana, bado?"

Tukapanda tena. Hatukufika mbali, uzito ule ule, harufu ile ile. Tukashuka. Akazungusha gurudumu, likazunguka kama halina kosa. Akalegeza zaidi. Safari hii alipopandisha uso niliona hofu ya namna nyingine.

"Hiki kitu si cha kawaida," akasema. "Tukishuka inapona, tukipanda inaugua. Kuna mtu ametutupia jicho." Akaanza kusoma Ayatul Kursi, akapuliza juu ya gurudumu.

"Puliza basi kipoe!" nikamwambia. "Jicho gani la kushika breki? Mtoto anakufa huyu!"

Neno lile lilinitoka kabla sijalizuia. Akaendelea kusoma, machozi yanamtoka, na mimi nikaingiwa na woga kwamba labda ni kweli, labda yupo aliyetaka tusifike.

Hapo ndipo nilipoona nyayo. Zilikatiza mchanga karibu na nilipokuwa nimesimama, pana, za duara, bila alama ya kucha. Njia ile simba walikuwa wakichukua watu, na kila nyumba ya Kiswere ilikuwa na habari yake. Sikuuliza ni za leo au za jana. Nilikimbilia pikipiki na mtoto wangu, nikapanda juu ya keria ingawa ilikuwa bado kwenye stendi, nikakunja mgongo, miguu nikaikandamiza pale pale nilipozoea. Eti simba atashindwa kunifikia huko juu! Lakini mtu mwenye hofu hupanda hata kigoda.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa anajaribu gurudumu. Likagoma. Akalisukuma kwa mikono miwili, wapi.

"Sasa hivi limezunguka," akasema, kama anayejisemea. Akatazama spana. Akatazama breki. Kisha akaitazama miguu yangu.

"Inua miguu."

Nikainua. Gurudumu likazunguka.

"Kanyaga."

Nikakanyaga. Likasimama.

Kile chuma nilichokuwa nimekifanya ngazi ndicho kilichoivuta breki. Mwendo wote ule tangu nyumbani nilikuwa nimeishika breki kwa miguu yangu. Sikulia. Nilipandwa na hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani: yeye mwenye pikipiki asiyejua, mavyaa aliyenipanga pale kama mtungi, au majirani na macho yao. Mimi ningejuaje? Chuma hakikuwa kimeandikwa kitu.

"Nitakaa kiume," nikasema.

Akasita. Nasema kweli, akasita, na mtoto anakoroma vile. "Tutapita Mitwero pale, pana watu. Mama akisikia..."

"Asikie! Na akisikia umwambie nilivua na kanga!"

Nikaipandisha kanga mpaka magotini, nikapanua miguu, nikakaa. Binti nikamfunga kwa kanga ya pili kifuani kwangu, katikati ya mimi na mgongo wa baba yake. Bomba la moshi likanibabua mguu wa kulia kabla hatujaondoka, ngozi ikabaki pale. Mume wangu akaniambia nishike kwa nguvu, kwa kuwa breki ya nyuma sasa imekwisha kabisa, imeungua, imebaki ya mbele tu, na kwenye mteremko hataweza kufanya mchezo hata kidogo.

Pikipiki ikaruka kama iliyofunguliwa kamba. Ndipo nilipojua ilikuwa na mbio kiasi gani, na ni mbio gani tulizozipoteza. Kwa kuwa mtoto alikuwa amenibana kifuani, safari hii sikuhitaji kidole. Kila pumzi yake niliipokea mwilini mwangu, kifua chake kikiingia na kutoka juu ya changu, na nikawa navuta yangu pamoja naye, kana kwamba nitamsaidia. Kikikawia, nazuia ya kwangu. Kikija, nasema alhamdulillahi.

Mitwero wanawake walishika midomo. Mmoja akapiga kelele, "Makubwa haya!" Watoto wakatukimbilia wakicheka. Nikawapita na magoti yangu wazi, sikuona haya hata chembe.

Tukaanza kuteremka. Mume wangu aliikamata breki ya mbele kidogo kidogo, mabega yamemkakamaa, na gurudumu la mbele likitetemeka kwenye changarawe. Kifua cha mwanangu kikaingia ndani. Nikangoja kitoke. Nikazuia pumzi yangu, nikangoja, mpaka macho yakaingia giza na ikanibidi nivute mimi. Yeye hakuvuta.

Nikamkandamiza. Nikampuliza usoni. Kichwa chake kikalala kwenye titi langu, kizito, na mkono wake uliokuwa umenishika kanga ukaachia.

Pale pale mume wangu akaiona Mtanda mbele yetu, nyumba zake juu kilimani, na paa za mji wa Lindi chini. Akapaza sauti, akageuza uso kidogo, na nikaona anacheka, maskini, anacheka na machozi yamechanganyika na vumbi.

"Tumefika! Mke wangu, tumefika! Vipi yeye, anapumua?"

Tulikuwa katikati ya mteremko, na breki ni ile moja. Ningemwambia angegeuka, angeachia mikono, tungelala pale wote watatu. Na hata tungekuwa tambarare, sijui kama ningeweza.

"Anapumua," nikamwambia. "Tazama mbele."

Akatazama mbele. Akaanza kumsemesha mtoto wake kwa sauti ya juu, akimhesabia nyumba, akimwonyesha bahari, akimwahidi halua akipona. Nami nikawa namwitikia kwa niaba ya binti yetu, ndiyo baba, ndiyo baba, mpaka mlangoni mwa hospitali.