Udongo wa Carama, Mikono ya Kinanira

Wiki hii nilialikwa kwenye ukumbi mmoja mtaani Kinanira kuona droni inayogusa mahali pasipofikika. Droni yenyewe ilikuwa mtaa mwingine, Carama, kwenye korongo lililoporomoka likameza nyumba, ambako sasa hakuna anayeruhusiwa kukanyaga. Ina mkono mdogo wa chuma. Chochote mkono huo unachoshika, glavu uliyovaa ukumbini inakibonyeza vidoleni mwako.

Mama mmoja aliyehamishwa kutoka huko Carama aliitwa ajaribu mbele ya wageni. Fundi akamvalisha glavu.

"Unasikia, maman?"

"Nasikia. Iko baridi."

Kwenye skrini mkono wa chuma ukachota konzi ya udongo. Mama akaishika kitambo, kisha akafungua vidole polepole, vile tufanyavyo kaburini. Wageni wakapiga makofi.

Alipovua glavu, akabaki ameiweka mikono mbali na nguo zake.

"Munipatie maji, ninawe."

Fundi akatabasamu. "Maman, mikono yako iko safi. Udongo uko Carama."

"Mutoto wangu pia iko Carama. Hawakumutoa. Sasa hivi ndiyo nimemuzika."

Kwetu hakuna anayetoka kuzika akaenda zake bila kunawa, hata aliyesindikiza tu. Waandaaji walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa beseni. Fundi akafungua chupa ya maji ya wageni, akammiminia. Kisha wale waliopiga makofi wakajipanga nyuma yake mmoja mmoja, mikono mbele.

Mimi, niliyekuja kutazama mitambo, nilikuwa wa mwisho. Nilipofika, chupa ilikuwa tupu.