Tezi Isiyojua Saa

Miaka ya hamsini nilikuwa muuguzi mpya, na kwa maoni yangu hapakuwa na mtu Unguja nzima aliyejua mengi kunishinda. Nilikuwa nikienda Kidichi kuwafundisha wajawazito na wanaonyonyesha, sare yangu imekakamaa kwa wanga, nikiwaeleza habari za tezi ya pituitari. Iko chini ya ubongo, niliwaambia, ndogo kama punje ya mbaazi, lakini ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine. Inatoa homoni ya kukuza mwili, inatoa ya kuzuia maji yasipotee ovyo kwenye mkojo, na mbili zinamhusu mzazi: moja ya kutengeneza maziwa, nyingine ya kuyasukuma yatoke. Wanawake wale walinisikiliza kwa adabu, wengine wakiwa na mtoto wa tano kifuani. Mmoja aliniuliza kama mimi nina mtoto. Nilimjibu kwamba hilo halihusiani na somo.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikwenda kukaa arobaini kwa mama yangu, mtaa wa Mlandege, kama ilivyo desturi. Mama hakujua kusoma, ila alikuwa keshalea watoto saba. Alitandika kitanda kipana ili nilale na mtoto. Nilikataa. Nilitaka mtoto alazwe chumba cha pili na anyonyeshwe kila baada ya saa nne, kama tulivyofundishwa. Akilia kabla ya wakati, aachwe. Niliweka saa ya mezani karibu na mto, na mama, kwa kuiogopa elimu yangu, akanyamaza.

Siku ya tano matiti yalikuwa bado laini, hayajajaa maziwa. Sauti ya mtoto ilianza kuwa nyembamba na nepi zake zilikuwa karibu kavu. Nilijua maana yake, nikaogopa vibaya sana. Mama aliniletea uji wa pilipili manga wa kuleta maziwa, nikanywa bakuli tatu, mimi niliyewaambia watu wa Kidichi kwamba uji ule hauna maana. Wageni walipokuja kunipa pole ya uzazi niliwaambia mtoto ndiyo kwanza ameshiba. Walipoondoka nilifumba macho, nikaiamrisha tezi yangu kwa sauti yangu ya ualimu itoe homoni. Haikutoa kitu.

Kumbe kulikuwa na sehemu ya somo niliyozoea kuipitia mbio. Tezi hii haisikii amri ya mwenyewe. Mtoto anaponyonya, habari hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, ndipo tezi inapojibu. Asiponyonya mara kwa mara, haina cha kujibu, na mama akijawa na hofu, ile homoni ya kusukuma maziwa huzuilika. Mimi nilimnyima mtoto titi, nikakaa na hofu yangu, halafu nikashangaa.

Alasiri ile mtoto alilia, na bado saa nzima kufika wakati wake. Mama aliingia naye mikononi.

"Mwanangu, mie hiyo tezi yako siijui. Lakini mtoto huyu ana njaa, na mie nshachoka kunyamaza. Mnyonyeshe. Ukitaka kunikasirikia, utanikasirikia baadae."

"Bado, mama."

"Bado nini? Mtoto huyu anajua saa?"

Alimweka kifuani pangu, akatufunika kanga moja, akakaa nyuma yangu akinikanda mgongo kwa kitambaa cha maji moto. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena. Tulikwenda hivyo mpaka usiku, na usiku ule nililala naye.

Asubuhi mama alikuwa amembeba mtoto ukumbini, nikamsikia mtoto analia. Matiti yalinichoma ghafla, na kanga ikalowa kabla sijainuka kitandani. Mama alipoiona alinipa mtoto. Mtoto alinyonya mpaka akapaliwa. Nikawa nalia huku namtazama, kwa sababu kila homoni iliyokuwa ikifanya kazi mle mwilini niliijua kwa jina lake, na mimi huyo huyo nilikuwa nusura nimuue mwanangu kwa njaa.