Rena, Mama wa Nahodha Alikuwa Amekufa

Jamani, hadi leo kichwa changu kinakataa. Renatus amefariki. Homa ya siku nne tu, basi.

Wengi mnamjua kwa jina la Rena, yule aliyekuwa anatafsiri ile katuni ya maharamia kwa Kiswahili kwenye kibanda chetu cha video hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Yeye maiki, mimi editing. Miaka sita.

Nimechoka, sitawaficha. Tumemzika juzi kijijini kwao Sanje, mgongo unauma kwa kukaa mkekani, na simu haiachi kuita, watu wanauliza episode inayofuata inatoka lini. Hata pole hawaanzi nayo!

Kijapani hakujua hata neno moja. Alikuwa anasoma subtitles za Kiingereza, asipoelewa anajaza mwenyewe. Bahari yake ilikuwa na mamba na viboko kama Mto Kilombero, na nahodha akikasirika alitukana kwa Kindamba, lugha ya huku kwetu. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

Halafu ikaja ile episode ya utoto wa nahodha.

Nahodha ana miaka sita, anarudi nyumbani anakuta mama yake amekufa. Ilikuwa Jumamosi mchana, kibanda kimejaa, Rena anatafsiri live. Nikamsikia anasema, "Mama yako kasafiri, mwanangu. Atarudi."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaendelea tu.

Watu walipotoka nikamvaa. "Wewe! Pale watu wanalia msiba, wewe unasema kasafiri?"

Akazima maiki. Akaniambia kitu ambacho miaka yote ile hakuwahi kunigusia. "Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Waliniambia kaenda Mchombe kuvuna mpunga."

Alimsubiri mavuno mawili. Pale Sanje, kila fuso lenye magunia likisimama barabarani, anakimbia kuangalia nani anashuka. Ukweli alikuja kuupata kwa mtoto mwenzake, wakigombania goli.

"Sasa kama uliumia hivyo, mbona na wewe umedanganya?"

"Mdomo ulinitangulia. Nimewaona wale watoto waliokaa mbele, nikashindwa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu, tena yenye matope. Episode baada ya episode tulimbeba yule mama. Nahodha akilia, Rena anasema kakumbuka ugali wa nyumbani. Nahodha akapiga magoti kaburini, Rena akasema lile ni jiwe la mpaka wa shamba.

Siku hiyo Mzee Masanja, mfugaji ambaye alikuwa hakosi kibandani siku za mnada, akasimama katikati ya watu. "Mwanangu, mbona mpaka unawekewa maua?"

"Ni mila za kwao, mzee."

"Na huyo mama, hata salamu hatumi? Basi hana adabu."

Kibanda kizima kilicheka. Rena alicheka kidogo, akanywa maji.

Mwezi uliopita aliniambia, "Nimechoka kumbeba huyu mama. Tukifika episode ya mwisho nawaambia watu ukweli." Hatukufika.

Rena ameacha binti, Upendo, miaka saba. Pale msibani shangazi yake Rena, ndiye mkubwa wa familia, aliniita pembeni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Mtoto asiambiwe. Akikuuliza, baba yake kaenda Dar kurekodi. Wewe ndiye atakuamini."

Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mzima msibani. Wakati tunazika, Upendo aliachwa kwa jirani.

Jana mchana akaja kibandani na sare za shule.

"Shikamoo baba mdogo. Bibi anasema baba kaenda Dar kurekodi."

"Marahaba, mama."

"Mbona maiki kaiacha?"

Ilikuwa pale mezani, na laptop yake pembeni. Nawaambieni ukweli, mdomo wangu ulishafunguka kusema atanunua nyingine hukohuko. Nikamkumbuka Rena na yale mafuso ya mpunga. Nikakaa chini sakafuni, tukawa sawa kwa urefu.

"Upendo, baba hayuko Dar. Baba amefariki. Tumemzika Sanje."

Hakulia palepale. Aliniangalia, akauliza, "Kwa hiyo nisimsubiri?"

"Usimsubiri, mama."

Ndipo akalia. Na mimi nikalia, mlango uko wazi, wateja wanatuangalia. Sijali.

Shangazi hasemi na mimi sasa. Amesema nimemuumiza mtoto, na kweli ameumia, nilimwona kwa macho yangu. Nitakwenda kumpigia magoti akipoa. Ila sikuweza kumwacha Upendo barabarani.

Na nyie mliotufuatilia miaka yote hii: mama wa nahodha alikufa zamani, nahodha akiwa na miaka sita. Tuliwadanganya. Mtusamehe, na Mzee Masanja naye anisamehe. Katuni nitaimalizia mwenyewe nikipata nguvu, kwa sauti yangu hii mbaya, ila msiniulize lini.

Rena, Jumapili baada ya misa namleta Upendo Sanje. Ameomba mwenyewe. Anajua anakuja kaburini.

Lala salama, ndugu yangu.