Jani la Sale Mezani kwa Kamati

Mwaka jana binti wa dada yangu alisimamishwa chuo, hapa mjini Moshi. Walisema alikaa na wenzake mlangoni mwa ofisi ya utawala, kupinga wanafunzi wanaodaiwa ada kuzuiwa kufanya mtihani. Ada yake yeye ilikuwa imelipwa yote. Hapo ndipo dada yangu, mkulima wa Kibosho, aliposhindwa kabisa kumwelewa.

Chuo kikajibu kwa utaratibu: aje na wazazi mbele ya kamati ya nidhamu, iamue arudi au afukuzwe.

Nikaombwa ushauri, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Enzi zangu za chuo niligoma mara moja tu. Bomu la kwanza la machozi lilipolipuka, mimi nilikuwa nimeshafika stendi. Kwa uzoefu huo nikasema, "Twendeni na sale."

Sale ni lile jani refu tunalootesha sisi Wachaga mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mtu akikuletea kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mchaga mwenzetu, wa Masama. Nilijiona nina akili.

"Mjomba, tunaomba msamaha wa nini?" binti akauliza.

"Wa kukaa chini."

"Si wangeweka viti!"

"Hebu nyamaza," mama yake akamkatiza. "Unataka kusoma au unataka kushinda?"



Kwenye kamati dada alipiga goti, akaliweka jani mezani. Mwenyekiti alisimama, akalipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Nyanyuka. Mimi kama mtoto wa Masama nimesamehe."

Dada akaanza kulia kwa furaha. Mwenyekiti akaketi, akavaa miwani, akanigeukia.

"Mzee, wewe msomi. Anayeleta sale ni aliyekosa, sivyo?"

Mimi ninayeishi kwa kuandika maneno nilitafuta moja la kufaa. Likaja hili: "Ndivyo."

"Katibu, andika. Familia imekiri."

Barua ya kumfukuza ilikuja wiki iliyofuata. Binti alikuwa ameshasikia kwa wenzake kwamba picha za mgomo zilizokuwa mikononi mwa chuo zilionyesha migongo tu, bila sura ya mtu. Ushahidi tuliubeba sisi kutoka Kibosho, umefungwa vizuri kwenye kanga.

Siku hizi anamsaidia mama yake kukatia ng'ombe majani. Hanilaumu, ananikaribisha ndizi, ananiita mjomba kama zamani. Dada ndiye huniuliza kila nikipanda huko.

"Lakini alilipokea, au hakulipokea?"

"Alilipokea," namwambia. "Kwa mikono miwili."