Daftari la Kulisha Mbu

Mtaani wanamwita Mama Mbu, na wanaomwita hivyo wanadhani wanamtania. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, daktari wa biolojia asiyetibu mtu. Kazi yake ni kufuga mbu kwenye chumba cha joto mwisho wa korido ya maabara, ajue kwa nini dawa ya kupulizia haiwaui tena. Mimi ni fundi cherehani, biolojia siijui. Ila ile korido naijua, maana benchi lake nimelikalia na mtoto mapajani mpaka miguu ikafa ganzi.

Mbu hawana likizo. Viluwiluwi wakikosa chakula wanakufa, na kizazi kikikatika, kazi ya miaka inaanza upya. Kila anayewalisha hutia saini kwenye daftari linaloning'inia mlangoni. Siku ya sita baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, wifi alijikongoja mpaka kwangu akaniambia twende. Maabara ilikuwa na wanaume wanne pamoja na mkuu wao, wazima wa afya, na kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Mtoto wa pili, yakawa yale yale. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Ndipo ukatangazwa ufadhili wa utafiti kwa wanawake wanaoanza kazi ya biolojia. Sharti lilikuwa usizidi miaka mitano tangu upate shahada ya uzamivu. Yeye alikuwa na mitano na miezi minne, lakini likizo za uzazi zilikuwa zinaondolewa kwenye hesabu, na watoto wawili walimpa miezi sita. Alikuwa ndani ya sharti. Bila ufadhili huo mkataba wake ulikuwa unaisha, na chumba cha mbu kingegeuzwa stoo.

Akaomba. Na kwa majivuno ya wasomi akaambatanisha nakala ya daftari zima, waone kwamba mbu wake hawajalala njaa hata siku moja. Jibu likaja kavu: likizo unazodai hukuzichukua, saini zako zipo. Njoo ujieleze.

Mkuu wa maabara alimwita ofisini. Akamshauri aseme kuna fundi wa maabara aliyekuwa akisaini kwa niaba yake, na yeye mkuu angeandika barua ya kuthibitisha. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayetoa msaada.

"Saini ni zangu, mkuu," wifi alimjibu. "Kazi niliyoifanya nikiwa na mshono simpi mtu mwingine, hata kwa uongo."

Siku ya kujieleza nilikuwa nje ya mlango uliokuwa wazi, na yule mdogo begani. Mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, mama mmoja mwenye miwani, alimuuliza kama alikuwa likizo au kazini, achague moja.

"Vyote viwili," alisema. "Mwajiri aliniandikia likizo. Mbu hawakusoma barua."

Waliuliza kama ana shahidi. Niliingia bila kungoja kuitwa, maana kungoja nilishangoja vya kutosha. Nikawaambia watoto wote wawili niliwashika mimi, tangu siku ya sita ya kila likizo, kwenye benchi la korido, na mama yao alikuwa akitoka kuwanyonyesha na kurudi ndani.

"Na mimi nina swali," nikasema. "Fungueni hiyo nakala ya daftari, mniambie hao wengine walikuwa wapi."

Mwenyekiti alifungua. Juu ya kila ukurasa palikuwa na jina la msimamizi wa chumba, yaani mkuu. Alipekua ukurasa mmoja baada ya mwingine, tangu miaka mitano iliyopita. Saini ya mkuu haikuwemo hata moja. Alivua miwani akatuambia twende tukapumzike.

Ufadhili ulikuja baada ya wiki tatu. Siku hiyo hiyo mkuu alifika chumba cha mbu akitabasamu, akasema ingefaa jina lake liwekwe kama kiongozi mwenza wa utafiti, kwa heshima ya maabara. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea wifi koti lake nililolishona.

Wifi hakubishana. Alilitoa daftari kwenye msumari, akampa pamoja na kalamu.

"Jumapili ni zamu yako, mkuu," alisema. "Ukishafikisha saini nilizotia kwenye likizo za watoto wawili, tutazungumza."