Jumamosi Yangu Siitoi

Watu wakiniuliza kilichonichosha Marekani, hutaka niwaeleze habari za baridi. Baridi ilinitesa, sikatai, lakini haikunichosha. Kilichonichosha ni kukosa Jumamosi. Na Jumamosi zenyewe sikuzitupa kwa mkono wangu. Zilichukuliwa moja moja na bibi mmoja mwenye sauti laini, msimamizi wetu wa kazi.

Ilikuwa miaka ya themanini, katika nyumba ya wazee karibu na mji wa Laurel, si mbali na Washington. Nilikuwa nikiogesha, nikilisha, nikigeuza wasiojiweza, nikibadilisha mashuka. Kazi hiyo naijua na siionei haya. Nimelelewa Mombasa katika nyumba ambayo nyanya yangu alilala kitandani muda mrefu, na kumgeuza mtu mzima bila kumuumiza nilijifunza kabla sijajua kupika wali. Zamu zangu zilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ilikuwa yangu na binti yangu, maana tulikuwa wawili tu. Asubuhi namsuka, mchana tunapika, alasiri wanakuja watu wa kwetu, wa Tanga, wa Unguja, na viatu vinajaa mlangoni. Siku hiyo nilikuwa mtu mwenye jamaa zake. Siku nyingine nilikuwa mikono tu.

Basi kila Ijumaa, wakati wa kuondoka, msimamizi alinifuata katika chumba cha kubadilishia nguo. Aliniuliza kwa Kiingereza, hali yako vipi leo? Mimi namjibu, nzuri. Naye husema, vizuri sana, basi kesho nakuhitaji, kuna mtu hatakuja. Nikiinua kichwa, keshaondoka.

Mtu wa pwani atanielewa upesi. Kwetu ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni zuri. Ni adabu, si taarifa. Shangazi yangu alitoka kumzika mumewe, akaulizwa mlangoni habari za safari, akasema njema. Akaulizwa za huko alikotoka, akasema salama. Akaketishwa, akapewa maji, akaulizwa tena, na hapo ndipo alipolia. Hakuna aliyemwona mwongo. Kila mtu alijua kwamba habari yenyewe inakuja baadaye, na kwamba aliyeanza kuuliza ana wajibu wa kuendelea kuuliza.

Mimi nikangoja msimamizi aendelee. Nilingoja hadi theluji ikayeyuka. Kila Ijumaa nikisema nzuri, yaliyobaki nilikuwa nayo tayari mdomoni: mtoto anashinda kwa jirani, mgongo haunyooki, nyumba haina mtu. Yeye wakati huo amefika kwenye lifti.

Sikuugua. Ningeugua, ningejua la kufanya. Kilichonipata ni kwamba niliacha kuhisi. Kulikuwa na bibi mmoja wa chumba cha dirishani, niliyemlisha kila siku, akiniita kwa jina la dada yake. Akafa. Nikabadilisha mashuka na kuuliza nani anakuja kulala pale. Nyumbani, binti yangu alinisimulia jambo la shuleni, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ingawa Kiswahili anakielewa chote. Katikati ya maneno akanitazama, akanyamaza, akaenda kummalizia mwanasesere wake hadithi. Hilo nalo halikuniuma, na huko kutouma ndiko kulikonitisha.

Rafiki yangu ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa muuguzi pale pale, Mkenya wa bara, mtu wa kanisa, mdomo wake hauna pazia. Ndiye aliyekuwa akinirudisha nyumbani kwa gari lake.

"Wewe umeisha, dada," aliniambia njiani. "Siku hizi hata ukicheka unacheka na meno tu."

"Uchovu kidogo tu, dadangu. Lakini salama."

"Wacha hiyo salama yako. Hapa wako na jina ya hiyo kitu. Wanaita burnout. Ni kama balbu ikiungua."

Nikamwambia balbu haijiwashi. Kuna mtu ameiwasha, akatoka chumbani, akaisahau. Alicheka hadi akapitiliza njia yetu ya kutokea barabara kuu.

"Sasa mbona humwambii huyo mama hapana?"

"Hajaniuliza bado."

"Anakuuliza kila Friday."

"Anaanza kuuliza. Hajawahi kumaliza."

Akageuza gari kuirudia njia yetu. "Nyinyi watu wa coast," akasema, "mtakufa na manners."

Haikupita muda, likabandikwa tangazo kwenye lifti. Kutakuwa na mafunzo juu ya uchovu wa kazini, namna ya kuutambua na kuuzuia, na kila mfanyakazi lazima ahudhurie. Siku yenyewe Jumamosi asubuhi. Nilidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Tulipangwa viti kwa duara katika ukumbi wa kulia chakula. Mwalimu alikuwa msichana mchangamfu kutoka ofisi moja ya mjini Washington, na sina ugomvi naye. Alituonyesha picha za miti ukutani. Akatufundisha kuvuta pumzi hadi tumboni. Akatushauri kukaa ndani ya maji ya moto na kutembea penye miti. Msimamizi alikuwa kando yake, akiitikia kwa kichwa. Juu ya nani anayekula siku zetu za kupumzika, hapakusemwa lolote. Hasira zikanipanda, na nikazifurahia, kwa sababu ndizo hisia za kwanza kunijia baada ya miezi.

Mwalimu akaanza kuzunguka duara, akimuuliza kila mmoja hali yake leo. Kila mmoja alisema nzuri. Ikafika kwangu, nami nikasema nzuri. Alikuwa akimgeukia aliyeketi baada yangu, ndipo rafiki yangu, upande wa pili wa duara, akauliza kwa Kiingereza cha sauti ya juu:

"Na nyumbani?"

Nilijua anachofanya. Alikuwa ananiamkua, salamu kamili ya kwetu, yeye asiyekuwa na subira na salamu zetu.

"Nyumbani hatujambo," nikamjibu kwa Kiingereza vile vile. "Ila mimi sipo."

"Na mtoto?"

"Mzima. Yuko kwa jirani sasa hivi, kama Jumamosi iliyopita."

"Na mgongo?"

"Upo. Haukunjuki."

"Na yule bibi wako wa dirishani?"

Nikasema amekufa, na sikumlilia. Kisha nikamlilia, pale pale mbele ya picha za miti, na wala sikufunika uso. Rafiki yangu aliniacha nilie. Halafu akauliza la mwisho.

"Na Jumamosi yako?"

"Sina habari zake. Muulize yule," nikasema, nikamwonyesha msimamizi kwa kidevu.

Msimamizi alisema, kwa sauti ile ile laini, kwamba mambo hayo tutayazungumza ofisini kwake Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu nitakuja, maana Jumatatu ni zamu yangu. Leo si zamu yangu. Nikachukua koti. Rafiki yangu akasimama na funguo mkononi, akawaeleza kwamba dereva ni yeye.

Sijifanyi shujaa. Garini niliwaza wakinifukuza tutakula nini. Lakini nilimchukua binti yangu kwa jirani mapema, nikamsuka hadi usiku ukaingia, na alinisimulia mambo ya shule yote tangu mwanzo.

Hawakunifukuza. Mikono ya kugeuza wazee haikuwa rahisi kupatikana. Na kuanzia hapo, katika chumba chetu cha kubadilishia nguo, mtu akisema nzuri hatukumwachia. Tuliuliza tena, na tena, hadi kitoke kilichomo. Kujilinda na uchovu wa kazi mimi sikujifunza kwa kuvuta pumzi. Nilijifunza kwa wanawake wasiokubali jibu langu la kwanza, na kwa kulikataza neno nzuri kunijibia peke yake.

Ijumaa iliyofuata msimamizi alikuja. Alibaki mlangoni, mkono kwenye kitasa, akaniuliza hali yangu.

"Nzuri," nikasema, nikamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa nikupe habari zilizobaki."

Hakukaa. Akasema kesho anapungukiwa na watu.

"Pole. Na wewe, nyumbani kwako hawajambo?"

Alisema hawajambo.

"Na wewe mwenyewe?"

Akaachia kitasa, akaegemea mlango. Nikaona naye amechoka, kwani Jumamosi zote nilizokuwa pale, yeye pia alikuwa pale. Nilimhurumia kweli, na nikamwambia hivyo. Kisha nikafunga vifungo vya koti, na Jumamosi yangu sikumpa.