Viatu Kwenye Trela

Jamani, leo nimenyamazisha watu wazima kwa maneno mawili.

Safari yetu ya Karamoja mnaijua: familia tatu, Landrova mbili, trela moja. Barabara ikiisha ni porini tu, na watoto watalala ndani ya trela. Kwa hiyo asubuhi nimelisugua kwa sabuni, mtoto mchanga mgongoni, mpaka mbao zikang'aa.

Mume wangu, Baba Musa, akaja na rafiki yake Ochan kupima turubai. Matope ya mtaa wetu wa Kyebando mnayajua!

Ochan akainua mguu apande.

Nikamkemea, "We shemeji! Vua viatu!"

Hakuna aliyecheka.

Ndipo nikakumbuka. Kaka yake Ochan aliambiwa hivyo hivyo, na wale askari kanzu waliokuja mchana kumchukua, kabla ya kumfungia kwenye buti la gari. Hakurudi. Viatu vilibaki barazani, na mama yao bado anavipaka rangi kila Jumamosi.

Ochan aliinama, akaanza kufungua kamba, kama mtoto aliyeamriwa.

Nikamshika mkono. "Hapana. Panda navyo."

"Utasugua tena, Mama Musa."

"Nitasugua. Panda."

Akapanda, na matope yake yote.

Kugeuka, namwona Musa wangu, miaka mitatu, ameshavua vyake. Amevipanga vizuri kando ya gurudumu, anangoja kubebwa.

Nikamvalisha. Kamba nikazifunga mara mbili, ndipo nikampandisha.

Ninyi, mgeni akija na matope, siku hizi mnamwambiaje?